Mwanamke Mwenye Hina

Mjini Bungoma, ukiuliza nani huosha maiti wa kike wa Kiislamu, hata mchuuzi wa nyanya asiyejua kibla kiko wapi atakuelekeza kwa Mama Farid. Jina lake hasa ni Kadija, mzaliwa wa Mumias, mjane, muuza mahamri nyuma ya msikiti. Kazi ya kuosha alirithi kwa shangazi yake, na pamoja na kazi alirithi sharti: utakachokiona kwenye mwili wa maiti ni siri yako na Mungu. Kilema, kidonda, mimba isiyo na baba, vyote umeze. Kadija alimeza kwa miaka ishirini, na watu wakamheshimu kwa hilo.

Mwaka 2004, mwezi wa nane, wakata miwa karibu na Myanga walimkuta mwanamke amelala kifudifudi mtaroni. Hakuwa na kitambulisho, mkoba wala simu. Alikuwa na hina tu, mikononi na miguuni, maua yaliyochorwa na fundi hasa.

Hina ile ndiyo iliyoharibu mambo. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika msikitini kwamba kuna dada yetu amelazwa mochari kama mzigo usio na mwenyewe. Abdihakim, katibu wa kamati, mtu wa moyo mweupe na miguu myepesi, akaanza kuhangaikia karatasi, kwa kuwa maiti wa Kiislamu hakawizwi. Polisi nao hawakuwa na hamu ya kesi isiyo na mlalamishi. Waliandika kwamba alizama katika maji ya mtaro, maji ambayo, kwa taarifa yako, hayakufika hata kifundo cha mguu. Kesho yake akatolewa. Hakuna aliyempiga picha, wala hakuna aliyesema tungoje kidogo, huenda ana mama mahali. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile kila mtu aliiona ni thawabu.

Kadija alimwosha akisaidiwa na mwanamke mmoja wa kumiminia maji. Kama ilivyo ada, shuka ilimfunika marehemu kutoka kitovuni hadi magotini, na huko chini ya shuka Kadija alipitisha mkono uliozungushiwa kitambaa, bila kutazama. Ni heshima ya mwisho anayopewa mwanamke. Alipofika shingoni mkono ukasita. Kulikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, nyeusi kama zambarau. Vilikuwa vidole vya mtu. Msaidizi alikuwa ameinamia ndoo, hakuona. Kadija akaosha, akavisha sanda, akanyamaza. Alijiambia ni amana.

Amana gani hiyo ya kumfichia muuaji? Swali hilo lilimjia baada ya arubaini, na lilipokuja lilikuja kukaa. Mahamri yakawa yanaungua mbele ya macho yake. Mwishowe akaenda kituoni, akasema alichokiona. Askari alimsikiliza huku akitafuna njugu.

"Sasa mama, si ni wewe ulimwosha?" akamwambia. "Kama kulikuwa na kitu, si ulimwaga na maji?"

Faili ilikuwa imefungwa. Kadija alirudi nyumbani akalia kwa aibu, maana askari yule, na ubaya wake wote, alikuwa amesema kweli.

Mwezi wa kumi na moja akaja mama kutoka Ndalu, Nakhumicha, mkulima wa mahindi, rozari shingoni, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Binti yake Nekoye alikuwa msusi kule Kitale. Mwezi wa nane aliitwa kumsuka bibi harusi katika nyumba ya Waislamu, na wenye harusi wakampaka hina kwa furaha. Kesho yake aliaga kwamba anakuja Bungoma kumwona rafiki. Hakufika.

"Mimi mochari zote nimemaliza," alisema Nakhumicha. "Nekoye aliungua na maziwa akiwa mutoto. Ako na kovu hapa kwa paja, kubwa. Si wewe ndio uliosha? Uliona?"

"Paja hatuangalii, dada yangu. Tunafunika."

"Ati munafunika? Hata kidogo haukuona?"

"Wallahi sikuona."

"Na mkono? Mkono haukusikia?"

"Mkono ulikuwa na kitambaa."

Nakhumicha akaketi chini sakafuni. "Basi sema tu ni yeye," akasema. "Nimechoka, bana. Wazee nyumbani wanataka tuzike mgomba badala ya mwili, kwa jina yake, ndio mambo iishe. Mimi sikuzaa mgomba. Sema ni yeye, nipate kaburi ya kulilia."

Kadija alitamani kusema ndiyo. Neno moja tu, na mama huyu angerudi kwao na kilio chenye mahali pake. Lakini alikuwa amekwisha kumkosea marehemu kwa kunyamaza, na moyo ulikataa kumwongezea uongo.

"Kitu kimoja niliona," akasema. "Alinyongwa. Alama za vidole zilikuwa shingoni. Niliziona na sikumwambia mtu mpaka alipokuwa amezikwa."

Alingoja kofi. Angelipokea kwa shukrani.

Nakhumicha hakumpiga. Alivaa viatu vyake taratibu, akasimama.

"Huyo si wangu," akasema.

"Dada yangu, twende basi nikuonyeshe kaburi, hata kama—"

"Nimesema si wangu! Wangu hakufa hivyo. Wangu pengine ameolewa huko mbali, atakuja na watoto."

Akatoka, akashika njia ya stendi bila kugeuka. Kadija alimfuata hadi kona ya msikiti, akimwita dada, dada, mbele ya watu, kisha akachoka. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyekuja kuulizia kaburi lile.