Picha ya Big Ben Isiyo na Miguu

Kwa miaka kadhaa nilipiga picha Marshalltown, katikati ya Johannesburg, katika chumba kimoja chenye mapazia matatu yaliyochorwa mandhari ya London: mnara wa saa wa Big Ben, daraja la Tower, na kasri la Buckingham pamoja na walinzi wake wenye kofia za manyoya. Wateja wangu walikuwa Watanzania, Wakongo na Warundi. Wengi waliaga kwao kwamba Johannesburg wanapita tu, safari yenyewe ni London. Wakakwama hapa. Basi wanakuja kwangu, wanavaa koti langu zito, na nyumbani wanapokea picha ya mtoto wao yuko Uingereza. Sikuwauliza kitu. Ila kazi ile iliniharibu, nikawa siamini picha ya mtu yeyote.

Kanuni yetu ilikuwa usionyeshe miguu. Pazia likifika sakafuni hujikunja, na ule mkunjo ndio unaomuumbua mtu. Kwa hiyo tunakata magotini.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, alikaa nami mtaa wa Braamfontein miaka miwili, kisha akapata kazi ya kuhudumia wazee London. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, lakini niliishia mlangoni, sikumwona akipanda. Wiki ya tatu akatutumia mimi na mama picha: yeye na Big Ben, anacheka, amekatwa magotini.

Niliikuza ile picha mpaka uso wake ukawa madoa matupu. Mbingu safi mno kwa mji wanaousema una mvua kila siku. Nikamwandikia, "Nani kakupiga?" Akajibu, "Mpita njia, kaka." Mpita njia gani huyo anayekata magotini? Nikamwambia atume nyingine, yenye miguu. Akaandika, "Mbona unanikagua kama afisa uhamiaji?" Kisha akazima simu.

Anayenuna ana la kuficha, nikajisemea. Nikaamini yuko hapa hapa mjini, ama kaolewa kwa siri ama kaingia mikononi mwa watu wabaya. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Jumapili nikapanda teksi hadi Diepsloot, kitongoji cha mabati pembeni mwa mji, nikapita spaza, vile viduka vya mtaani vya watu wetu, kimoja baada ya kingine nikionyesha ile picha yake. Mpemba mmoja mwenye duka alimtazama kwenye picha, akanitazama na mimi. "Huyu si yuko Ulaya, bwana? Unamtafutia nini huku kwenye mabati?" Nikamwona naye kafundishwa la kusema.

Jioni mama akapiga simu kutoka Tanga. Alikuwa ameisafisha ile picha na kuitundika sebuleni, majirani wanakuja kumpongeza. Sikujizuia. "Mama, iondoe hiyo. Ni pazia, kazi yangu naijua mwenyewe. Simu hizi zinadanganya." Nilisikia akivuta kiti kuelekea ukutani.

Siku nne baadaye, mchana, mdogo wangu akapiga kwa video. Hakunisalimia. Alianza kwa kunionyesha viatu vyake, vyeusi vya kazini, juu ya mawe yaliyolowa. Akapandisha simu polepole: magoti, sare, uso uliovimba kwa kulia, halafu mnara wenyewe, na basi jekundu likakatiza nyuma yake.

"Umeiona miguu?" akauliza. "Mama kaiteremsha picha yangu. Majirani wanasema najiuza huko Afrika Kusini. Nirudishie jina langu, kaka." Akakata.

Niliona aibu. Nikampigia mama papo hapo, nikamwambia airudishe picha ukutani, mwanawe yuko London kweli, nimemwona kwa macho yangu.

"Umemwona wapi?"

"Kwenye simu, mama."

"Si hizo zinazodanganya?"

Nikaapa. Nikasema kosa ni langu, yeye hana kosa lolote, nikaomba radhi mara tatu. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayezungumza na mgeni asiyetaka kumuudhi: "Na wewe mwanangu, huko Johannesburg uko kweli?"

Miaka tisa hatujaonana. Nilikuwa na simu mkononi na kamera mezani, na sikuwa na picha hata moja ya kumtumia ambayo angeiamini.