Kuku Watano Wazima

Tetea mwekundu alikufa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba yetu hapa Uthiru, nikimwona akichakura kando ya karo la kufulia kama kawaida yake. Akanyoosha shingo, akapiga mabawa mara mbili, akalala ubavu. Basi. Nilimalizia kuanika shuka kwanza. Nilidhani ningeshtuka, lakini sikusikia kitu chochote moyoni.

Kuku hao walikuwa wa baba. Mama alipofariki nilimtoa baba nyumbani Vihiga nikaja kukaa naye, na kwa miezi kadhaa hakutoka kitandani ila kwa kubembelezwa. Madaktari hawakuona ugonjwa. Nilipochoka kubembeleza nikaenda soko la Kangemi, nikanunua kuku sita. Lazima mtu awafungulie asubuhi, nikamwambia, na mimi nina ofisi ya kuwahi mjini. Akanuna, lakini kesho yake akavaa koti, akatoka. Tangu siku hiyo aliwasalimu kwa Kiluhya mmoja mmoja, na akirudi ndani alikuwa na njaa.

Jirani yangu alichungulia juu ya ua. Huyu mama amefuga kuku miaka mingi, na ushauri wake hauombwi, unakuja wenyewe.

"Hiyo ni kideri," akasema. "Nakwambia ikiingia haibakishi hata moja. Chinja zote leo, ama kesho uamke upate zimelala chini."

Ndivyo watu wafanyavyo huku kwetu. Kuku mmoja akifa ghafla, waliobaki huwahiwa na kisu wasije wakafa bure. Nikamwona baba akilini mwangu, akifungua banda asubuhi na kukuta mizoga, peke yake pale uani. Heri nimwondolee hilo, nikajiambia. Alikuwa kwenye kikao cha wazee kanisani, kwa hiyo sikumwuliza. Nikabandika maji ya kuwanyonyolea.

Tulichinja na jirani, yeye akishika, mimi nikikata. Walikuwa wazito, macho yao maangavu. Jogoo alinikwaruza mkono mpaka nikatoka damu, na kuku mgonjwa hana nguvu hizo. Niliona. Nikaendelea tu, maana maji yalikuwa yameshachemka. Jirani akaondoka na wawili, wengine wawili nikawatia kwenye friji, jogoo nikampika. Yule mwekundu nilimzika nyuma ya migomba, na mpaka leo sijui nini kilimuua.

Baba aliporudi alisimama mbele ya banda.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Baba. Ni ugonjwa."

"Ukiacha yule mwekundu, nani alikuwa mgonjwa?"

"Bado hakuna."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda kunawa mikono.

Nilimpakulia ugali na mchuzi, na firigisi nikaiweka juu kabisa. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Mama alimchapa kaka yangu siku moja kwa kuionja tu, na mwanamke ndiyo kabisa, haigusi. Baba akaichukua kwa vidole viwili, akanyoosha mkono juu ya meza, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Mwenye kuamua hapa ni wewe."

Sauti yake haikuwa na hasira. Ningefurahi kama angefoka, maana hapo ningemjibu. Nikaila. Nilitafuna mpaka ikaisha, yeye akinitazama, na sikusikia ladha yake.

Kesho yake jua lilipanda na mlango wa nyuma haukufunguliwa. Nikampelekea uji kitandani. Nilimwinua kichwa, nikamnywesha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alikipokea bila kubisha.