Neno Nililomwambia Kaka Yangu

Woga niliujua siku ilipoingia sinia ya halua nyumbani kwangu. Mwanamke aliyeileta alipiga vigelegele mlangoni, akasema, "Hongera, bibi arusi!" Nikamuuliza arusi ya nani. Akacheka, akadhani naona haya.

Nilikuwa mwanamke niliyeachwa, nina mtoto mmoja wa kike, hata meno ya utoto hayajaanza kumng'oka. Baba yake alinipa talaka akarudi kwao Pate, nami nikabaki Amu katika nyumba aliyoniachia marehemu baba yangu. Walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, alikuwa kaka yangu. Na kaka huyo, asubuhi ile, alikuwa ameshaniozesha msikitini kwa mfanyabiashara wa Siyu, mtu nisiyepata kumwona hata kisigino.

Siyu ni kwema, na yule mtu sina ubaya naye. Kilichonitia baridi ni sheria. Mama akiolewa na mtu wa mbali, asiye jamaa wa mtoto, haki ya kulea humtoka. Hilo kila mwanamke wa mji alilijua, hata sisi ambao chuo chetu kiliishia kwenye juzuu. Habari ikavuka maji kabla halua haijaliwa. Baba wa mtoto akaja kutoka Pate, akafungua shauri kwa kadhi. Anamtaka binti yake.

Nikatia komeo mlangoni. Huyo mume sikumfungulia. Kila niliposikia mitalawanda ya mtu, vile viatu vya mti, ikigonga mawe ya uchochoro, nilimshika mwanangu mguu nisiuachie mpaka mtu apite.

Nikatuma kumwita wakili wa nyumba yetu. Alikuwa mtu mzima, mkali wa maneno, ndiye aliyesimamia mirathi ya baba. Enzi zile mwanamke wa nyumba kama yetu hakukaa uso kwa uso na mwanamume asiye maharimu wake. Yeye alikaa nje kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, mimi nikakaa ndani nyuma ya mlango.

"Bi," akasema, "shauri hili jepesi. Mwanamwali akinyamaza, kimya chake ni ridhaa. Wewe si mwanamwali. Aliyekwisha kuolewa sharti aseme kwa ulimi wake. Nitamwambia kadhi hukusema neno. Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Maana nilikuwa nimesema.

Ningeweza kumficha. Kaka angeapa, wakili angetahayari mbele ya watu, na mwanangu angepakiwa chomboni. Nikalishika komeo kwa mikono miwili.

"Bwana, neno nilisema."

"Neno gani?"

"Nilisema, haya."

Tasbihi yake niliisikia ikisimama. "Bi, umenimaliza."

"Sijamaliza kueleza, Bwana."

"Kuna maelezo gani? Mtu aulizwa, nikuoze? Ajibu, haya. Hata punda wa ufukweni ajua maana yake."

"Punda huyo hakuwapo," nikamjibu. "Mwanangu alikuwa mapajani, namsuka nywele. Kaka akaja akasimama juu yetu, akasema, nikuoze kwa mtu wa Siyu, na huyu tumrudishe kwao Pate, mdomo upungue humu. Mbele ya mtoto! Nikamwambia, haya! Maana yangu, huoni haya? Nikamchukua mwanangu nikaingia ndani."

Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Haya na haya," akasema. "Sasa sikiza. Kwa kadhi usilie, wala usimtukane kaka yako. Yeye mcha Mungu, hataapa uongo, nitamuuliza mimi. Nikikohoa, nyamaza. Nikikuita, sema. Na neno lile utalisema wewe, kwa sauti ile ile. Mimi siwezi kukusemea hilo."

"Mbele ya wanaume?"

"Nyuma ya pazia, mbele ya wanaume."

"Siwezi."

"Basi anza kumfungia mtoto nguo zake."

Nilimchukia. Akanitaka nilitamke pale pale. Sauti ikatoka kama ya paka aliyekanyagwa mkia. "Hapo umekubali," akasema. "Tena." Nikatamka. "Hapo waomba mai ya kunywa. Tena." Alirudi kesho yake akanitesa vile vile, na mimi kila alipoondoka nilizidi kuogopa, kwa sababu sauti ilizidi kupotea.

Siku ya shauri nilikwenda ndani ya shiraa, lile hema la nguo tulilobebewa kwa vijiti ili tusionekane. Mna giza na joto humo. Mwanangu alishika kidole changu.

"Mama, ndia hii ni ya Pate?"

"Tazama miguu yako," nikamwambia.

Kwa kadhi tukakaa nyuma ya pazia. Kaka akaapa, akasema, "Nilimuuliza, akanijibu haya." Watu wakanong'ona. Mdomo wangu ukafunguka, lakini wakili akakohoa. Nikaufunga.

"Mtoto alikuwa wapi?" wakili akamuuliza.

"Mapajani mwake."

"Baada ya kusema haya, akafanyaje?"

"Akainuka, akaingia ndani."

"Na mlango?"

Kaka akasita. "Aliubamiza."

"Basi arusi kaitaka kwa haraka huyo!" mtu mmoja akapaza sauti, watu wakacheka. Kadhi akawanyamazisha. "Nataka kumsikia mwenyewe," akasema.

"Bi," wakili akaita.

Nililijua neno, na ulimi ulikuwa kama ubao. Nikamsikia baba wa mtoto akisema, "Mwaona? Kanyamaza. Karidhia."

Mwanangu akaitambua sauti ya baba yake. Alikuwa akimpenda, na sikupata kumkataza. Akainuka amwendee. Nikamdaka kwa upindo wa kanzu.

"Haya!"

Likatoka kama siku ile, kwa ukali ule ule, hata mtoto akaketi. Nilikuwa na mengine tayari, ya kaka na ya huyo wa Pate. Wakili akakohoa upesi, akakohoa tena. Nikanyamaza.

"Ndivyo alivyosema?" kadhi akamuuliza kaka.

"Ndivyo."

"Nawe ukasikia ridhaa humo?"

Sasa akanyamaza yeye. Kimya chake kila mtu alikifahamu.

Kadhi akahukumu kwamba ridhaa hapana, na ndoa hapana. Mtoto akae kwa mama yake mpaka afike umri wa kupambanua, miaka saba hivi, hapo aulizwe mwenyewe amtaka nani. Watu walisikia nimeshinda. Mimi nilisikia hayo ya mwisho, na tangu hapo kila jino lililomtoka mwanangu lilinitia hofu.

Wakili akaja karibu na pazia. "Bi, twende?"

Neno lile likanijia ulimini. Nikalimeza.

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Twende."