Kokoto za Jenerali

Mama Bucha hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia angelifungua, mbuzi angemtoa, angempapasa mbavu na kumnusa mdomo, kisha angeuliza mbona gunia lenyewe lina kiraka. Bucha lake alilirithi kwa baba yake, na pamoja na visu na gogo la kukatia nyama alirithi neno moja la mzee yule: usile kitu ambacho hujakiona sura. Kwa hiyo soseji aliziita siri za watu. Mteja akitaka nyama ya kusaga, alimsimamisha mbele ya mashine ashuhudie kila kipande kikiingia, hata kama mteja mwenyewe ana haraka zake.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mpole kama maji ya mtungi. Alishonea chumba cha mbele, dirisha wazi, mguu kwenye pedali kutwa. Watoto walishakua wakaenda kwao, na Mama Bucha, aliyezoea kulisha nyumba nzima, akabaki na mdomo mmoja tu. Mdomo huo akaushughulikia vilivyo. Mchana nyama, jioni nyama. Ikafika wakati dole gumba la mguu wa Fundi likavimba, likawa jekundu, akashindwa hata kukanyaga pedali. Hospitalini wakasema ni jongo, apunguze nyama.

Mama Bucha alicheka mpaka akashikilia meza.

"Huyo daktari ana lake jambo," alisema. "Tangu lini nyama safi ikaumiza kidole? Labda hiyo wanayokula wao. Na mwanamume anayekataa nyama yangu, amenikataa mimi mwenyewe. Umenisikia, Baba?"

"Nimekusikia," alisema Fundi.

Sahani zikaendelea kwenda zimejaa na kurudi zimesafishika. Dole likapoa, na Mama Bucha akahesabu hilo kuwa ushindi wake dhidi ya hospitali nzima.

Kisha akaja Jenerali. Mteja mmoja alimletea mtoto wa mbwa, mweusi tii, masikio makubwa kuliko kichwa, akue alinde bucha. Mama Bucha alisema wazi kwamba huyu ni mlinzi, si wa kubembelezwa, na jioni hiyohiyo akaonekana akimbeba kifuani kama mjukuu. Mbwa wengine wa mtaani walitupiwa mifupa. Mama Bucha hilo lilimuudhi. Kwa mwenye bucha, mfupa ni kitu cha kujazia mizani, ingawa ukimwambia hivyo atakula kiapo kwamba hajawahi. Kumpa mfupa unayempenda ni kumtukana. Jenerali alipewa steki mbichi tupu, isiyo na mfupa, mshipa wala mafuta, imekatwakatwa vizuri kwa kisu kile kile cha wateja wa heshima. Siku ya furaha alipewa sarara, ile nyama laini ya mgongoni.

Na kwa mapenzi hayo, miguu ya mbele ya Jenerali ikaanza kupinda.

Kwanza alichechemea kidogo. Halafu akawa anapiga kelele akiruka kizingiti. Mama Bucha alimshuku jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwenye paka watatu, kwamba amempiga teke. Akamshuku mteja aliyemleta, kwamba kamtwisha mbwa mgonjwa kusudi. Akakishuku hata kizingiti. Alipomaliza wa kuwashuku, akamfunga Jenerali kwenye kanga na kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa binti mdogo wa miwani mikubwa. Alimpiga Jenerali picha ya mifupa, akaibandika kwenye taa.

"Anakula nini, mama?"

"Steki," alisema Mama Bucha kwa majivuno.

"Na nini kingine?"

"Sarara."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nyama peke yake haina madini ya kujenga mifupa, mama. Huyu anakua. Mwili unayatafuta madini kwenye chakula, hauyapati, basi unayachomoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Tukiendelea hivi, siku moja ataruka tu kutoka kwenye kiti, na mguu utavunjika."

Mama Bucha alitaka kubisha. Lakini mifupa aliijua; alikuwa ameipasua maisha yake yote, na kwenye ile picha aliona mifupa iliyopauka, myembamba, ambayo asingeiona hata kwa ndama wa ukame.

"Basi nimpe mifupa?"

"Imkabe? Hapana. Tumhamishe polepole kwenye chakula cha mbwa wadogo, kilichopimwa kila kitu." Binti akanyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake. Kulikuwa na mifuko ya punje kavu na makopo yamepangwa kama dukani.

Ahaa, alisema Mama Bucha moyoni. Anayeugundua ugonjwa ndiye anayeuza dawa. Mtego wenyewe ndio huu.

Binti alieleza mpango: chakula cha kopo kidogo kichanganywe na nyama, kisha punje kidogo ziingie, nyama iwe inapungua mpaka iishe, bila pupa, tumbo lisije likachafuka. "Na jambo moja kubwa," akamalizia. "Mtu yeyote nyumbani asimpe kitu pembeni. Akionjeshwa nyama atazikataa hizi, na mifupa yake haina muda wa kungoja."

Nyumbani, Mama Bucha alimweleza Fundi kila neno la daktari na kumwonyesha ile picha, kisha akazimwaga juu ya gogo punje alizouziwa, akaanza uchunguzi. Moja aliipasua kwa shoka dogo. Nusu yake ikarukia dirishani. Nyingine akailoweka akakaa anaiangalia ivimbe. Akafungua kopo, akanusa, akarudi nyuma hatua nzima.

"Nyama ya kusaga!" alipiga kelele. "Tena wameifungia ndani ya bati ili isionekane! Fundi, njoo uone watu walivyo majasiri."

Fundi alikuja na utepe wake shingoni. Alimkuta mkewe ameshika punje moja kwa vidole viwili, macho yamemtoka.

"Usiile, Mama."

Akaila. Alitafuna muda mrefu, akiangalia ukuta.

"Ina ladha gani?"

"Karatasi," alisema. "Karatasi iliyofungiwa samaki. Hizi ni kokoto, Baba. Mtoto wangu nampa kokoto."

Lakini ile picha haikumtoka kichwani. Akapiga moyo konde, akafuata mpango, huku akiutilia shaka kila asubuhi. Jenerali alilamba cha kopo kidogo. Kokoto alizizungukia, akazinusa, akamtazama Mama Bucha kwa huzuni ya mtu aliyedhulumiwa, kisha akajiburuta hadi chumba cha mbele na kulala chini ya kiti cha Fundi. Huko ndiko alikohamia siku hizi. Mama Bucha aliona wivu.

Nyama ikapungua kwenye bakuli, ikaisha. Kokoto zikabaki vilevile. Na hapo ndipo kitu kilipomshtua. Alimnyanyua Jenerali kumbembeleza, na mikono yake, iliyokuwa mizani kabla ya mizani, ikamwambia mbwa huyu hajapungua hata kidogo. Anakataa chakula, na tumbo ni duara. Mbwa hashibi upepo. Palipo na moshi hapakosi moto.

Alimrudisha kwa daktari. Picha ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

"Kuna mtu anampa nyama," alisema binti wa miwani.

"Nyumbani kwangu? Tuko wawili tu!"

"Basi sijui, mama. Lakini asipoacha, mimi hapa sitakuwa na cha kufanya. Mifupa hii ni ya kuvunjika."

Mama Bucha alirudi na Jenerali mikononi, akitembea kama aliyebeba mayai, na hasira imempanda mpaka utosini. Hakuingia hata ndani. Alisimama ukutani akamwita jirani.

"Dada, mbwa wangu unamlisha nini?"

"Mimi?" Jirani aliweka chini beseni la nguo. "Nyama yenyewe naila kwa kunusa jiko lako, ya kumpa mbwa wako niitoe wapi? Muulize aliye ndani."

"Aliye ndani ni mume wangu."

"Mimi sikutaja mtu, shoga," alisema jirani, akaokota beseni lake.

Maneno hayo aliingia nayo ndani. Mumewe? Fundi, asiyeweza kumfukuza hata nzi bila kumwomba radhi? Fundi, aliyeyasikia maonyo ya daktari neno kwa neno? Akaona aibu hata kuliwaza, lakini kulifuta akashindwa. Mwenye shaka ni mwenye shaka. Ukimnyima mtu wa nje wa kumshuku, atamgeukia wa ndani.

Jioni alipika kama kawaida. Alimpelekea Fundi sahani pale pale kwenye meza ya cherehani, nyama ya kuchoma imelalia nusu ya sahani, akarudi jikoni. Yeye hula jikoni amesimama, tabia ya bucha. Safari hii hakula. Alivua ndara, akapita ukumbini taratibu, akachungulia chumba cha mbele.

Fundi alikuwa ameshika mkasi wake wa vitambaa. Mkasi ule, ambao mtu akikatia karatasi tu nyumba huwa haikaliki, sasa ulikuwa unakata nyama. Alikata kipande, akakipoza kwa pumzi, akateremsha mkono chini ya meza. Jenerali akakipokea. Kikaja kingine. Kisha Fundi akachukua kipande cha mkate, akakipitisha kwenye mchuzi, akala hicho.

"Kumbe ni wewe!"

Mkasi ulianguka. Jenerali akabweka, halafu akautumia ule mshangao kulamba mkasi.

"Mama, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Mtoto miguu inamvunjika! Umemsikia daktari, umeiona picha, na bado unamuua kwa mkono wako mwenyewe! Amekukosea nini?"

"Hajanikosea." Fundi alikuwa mweupe midomo. "Sikuwa na pa kuipeleka."

"Kuipeleka nini?"

"Nyama. Nikiitupa ungeiona kwenye taka, taka unazikagua. Nikimpa jirani angekuja kukushukuru." Aliuokota mkasi. "Mimi sili nyama, Mama. Tangu lile dole. Siku ile ya hospitali nilikula, usiku wake nikaumwa mpaka nikauma shuka. Nikaacha. Mwanzo niliwarushia mbwa wa mtaani dirishani, wakaanza kujazana, nikaogopa utawaona. Alipokuja Jenerali nilimshukuru Mungu."

Mama Bucha aliitazama sahani iliyokuwa mezani. Zile sahani zilizorudi zimesafishika. Ule ushindi wake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, tulipotoka hospitali."

"Ungerudia!"

Fundi aliangalia mikono yake. "Ulisema anayekataa nyama yako amekukataa wewe. Nikaogopa. Halafu walipomkataza na Jenerali nikaogopa zaidi, maana ningesema moja, lingetoka na la pili. Kila jioni nilikuwa najiambia kesho nitaacha."

Alilisema neno hilo la kuogopa kama anavyosema nasikia baridi. Mama Bucha akahisi limemchoma hasa. Alikuwa amemshuku binti wa miwani, jirani, mteja, kizingiti na bati la kopo. Kumbe ndani ya nyumba yake kulikuwa na mtu mzima anayejificha na sahani kwa sababu yake.

"Na wewe umekuwa ukila nini muda wote huu?"

"Mkate. Chai. Nashiba."

"Simama."

"Mama..."

"Simama, Baba."

Alisimama. Mama Bucha akamshika kiuno cha suruali, akakigeuza nje. Palikuwa na mshono. Pembeni yake palikuwa na mshono mwingine, na mwingine tena ndani yake, kila mmoja umenyooka na kukazwa kifundi. Kila alipokonda, alikuwa akiipunguza suruali usiku ili asionekane amekonda. Mwanamke anayekisia uzito wa paja la ng'ombe kwa jicho alikuwa amelala kando ya mtu huyu na asione kitu. Akaurudisha ule upindo mahali pake na kuulainisha kwa kiganja, kwa sababu hakujua mikono aipeleke wapi.

Kisha akaichukua sahani, akaiweka juu ya kabati, mbali na kila mtu. Jenerali alingoja chini ya meza, mdomo wazi. Alingoja sana. Alipoona mkono hauji, akajivuta mpaka kwenye bakuli lake, akanusa, akaguna kama mzee, na akaanza kuzitafuna kokoto, moja moja, kwa kelele.

Mama Bucha alikaa kwenye kiti cha wateja wa kupimwa nguo.

"Unataka nikupikie nini?" aliuliza.

Lilikuwa swali ambalo Fundi hakuwahi kuulizwa katika nyumba ile, na alilizungushazungusha kama mtu aliyepewa kitambaa cha ghali akaambiwa akate.

"Viazi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, kisha akamtazama mkewe usoni haraka, kuona kama amekosea.

Mama Bucha aliliona jicho lile, na hapo ndipo alipolia.