Pini ya Tatu

Ungetaka kumwona mtu aliyechoka, ungemtafuta Eliamani siku ya Jumapili, watu wakishatoka kanisani. Kwaya imeshapewa hongera zake, mchungaji ameshakaribishwa chai, na yeye bado amepiga magoti nyuma ya spika anakunja waya. Miaka kumi na miwili ya kazi hiyo, bila senti. Maiki ikilia vizuri, sifa ni za mwimbaji. Ikipiga kelele, kanisa zima linageuza shingo kumtazama yeye.

Alikuwa fundi redio, mtu wa Machame aliyekuja Karatu akiwa kijana na kufungua kibanda karibu na stendi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa. Macho yalikuwa yameanza kumgomea, na mgongo uligoma zamani. Mwaka ule wa 2003 alikuwa ameshawaambia wazee wa kanisa mara mbili kwamba watafute mtu mwingine. Walimwombea.

Ijumaa moja alasiri Thomasi aliingia kibandani, na Eliamani alipomwona tu alijisikia vibaya. Walikuwa hawajazungumza kwa miezi tisa.

Thomasi alikuwa mtu wa Daa, hapohapo wilayani Karatu, mpishi wa kambi ya watalii kule Engaresero, na zamani mpiga gitaa la besi wa kwaya. Mgeni mmoja aliyepiga naye gitaa kambini alimwachia zawadi ya kiboksi cha chuma, cha kukanyaga kwa mguu, kinachoipa besi sauti nene kabla haijafika kwenye mixa, mashine ya kuchanganya sauti. Kilitumia betri ndogo ya mraba, ambayo kuipata Karatu ilikuwa bahati. Lakini karatasi yake ilisema kwamba kinaweza pia kula umeme wa mixa, kupitia waya uleule unaopeleka sauti. Wenyewe wanauita fantomu. Unabonyeza kitufe kwenye mixa, umeme unakwenda.

Kanisani haukwenda. Jumapili tatu mfululizo besi ilinguruma, ikakoroma, ikakata katikati ya wimbo. Mara ya tatu Thomasi alikipiga kiboksi teke mbele ya waumini wote, nao wakasema amelewa. Wazee wa kanisa wakamwita Eliamani kumuuliza kama vyombo vina tatizo.

"Vyombo vyangu vizima," alijibu. "Maiki zote zinatumia waya hizohizo, na zinalia."

Basi, kwa neno hilo, ikabaki pombe. Thomasi, ambaye hanywi hata togwa, akasimamishwa: hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, na kiti chake ni benchi la nyuma kabisa mpaka atubu mbele ya kanisa. Alikataa kutubu kosa ambalo hakulitenda. Alikataa miezi yote tisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Jumapili natubu."

Eliamani akaweka chini pasi yake ya kulehemu. "Umeamua?"

"Mtoto wangu ana miezi minne, hajabatizwa. Hawambatizi mimi nikiwa nimetengwa, na mama yake analia kila siku. Nitasema nililewa, yaishe." Akatoa kiboksi kwenye mfuko wa rambo, akakiweka mezani. "Wakinirudisha kwenye besi, sitaki kinikatie tena. Naomba ukiangalie. Nimechoka, mzee."

"Kweli hukuwa umelewa?"

Thomasi akakunja mfuko mtupu, akaaga akaondoka.

Jumamosi asubuhi Eliamani alikwenda kanisani peke yake, akaliwasha jenereta kwa kuvuta kamba mara sita, huku akiulaani mgongo. Alianza na betri mpya. Kiboksi kikaimba vizuri kabisa. Akaitoa betri, akauacha waya wa mixa palepale, akabonyeza fantomu. Kitaa chekundu kikawaka, kikatetemeka, spika ikakoroma, kitaa kikazima. Akakifungua kiboksi. Ndani kulikuwa safi, hakuna kilichoungua. Akapima mixa kwa testa: volti arobaini na nane, kasoro kidogo, kama inavyotakiwa. Mixa inatoa, kiboksi kinahitaji, na katikati yao kuna kitu kimoja tu.

Alikaa akiutazama ule waya. Hakutaka kuufungua.

Plagi ya waya wa namna ile ina pini tatu, na ndani zinatakiwa nyuzi tatu. Alipoifungua alikuta nyuzi mbili. Pini ya tatu ilikuwa imeunganishwa na ya kwanza kwa kipande cha shaba, kimelehemiwa vizuri, kwa mkono wake mwenyewe. Akakumbuka. Zilikuwa mvua za El Nino, barabara ya Arusha imekatika, kanisa linangojea sikukuu, na Karatu nzima hakuna waya wa nyuzi tatu. Akanunua waya wa taa. Sauti ya maiki hupita kwenye nyuzi mbili bila shida. Umeme wa kulisha kiboksi unazitaka zote tatu. Alijiambia atarekebisha barabara ikifunguka, na ikafunguka, na miaka mitano ikapita. Waya zote kumi na moja zilikuwa hivyohivyo.

Waya mzuri alikuwa nao kwenye mkoba. Angeweza kurekebisha kimya kimya, kesho besi ikalia, Thomasi akatubu, mtoto akabatizwa, kila mtu akaenda nyumbani amefurahi. Nani angejua? Tusidanganyane, hakulifukuza wazo hilo haraka. Alitengeneza waya mmoja akajaribu, na kitaa kikawaka kikatulia. Fundi mwingine angepiga kofi kwa furaha. Yeye aliona aibu.

Jumapili mchungaji alimwita Thomasi. Akainuka kwenye benchi la nyuma, koti limepigwa pasi. Kabla hajafika katikati ya kanisa, Eliamani alikuwa ameshasimama mbele na ule waya wa zamani begani.

"Mzee Eliamani, maiki ina tatizo?" mchungaji aliuliza.

"Hapana, mchungaji. Mimi ndiye mwenye tatizo."

Akaeleza. Alipofika kwenye habari za pini, wengine walicheka. Mzee Obed, mkuu wa wazee wa kanisa, akainua mkono. "Fundi, waya si dhambi."

"Waya si dhambi, Mzee Obed. Mliniuliza, nikajibu bila kufungua. Huyu hakuwa amelewa. Kosa lilikuwa langu."

Kicheko kikaisha. Thomasi alikuwa bado amesimama katikati.

"Miezi tisa, mzee," alisema, wala hakupaza sauti.

Eliamani akaushusha waya begani. "Ndiyo," alisema.

Wazee wakanong'onezana. Thomasi akaambiwa aende kwenye kwaya, na mtoto abatizwe siku hiyohiyo. Eliamani hakuna aliyemwambia aende wapi. Akapita katikati ya watu mpaka benchi la nyuma, akakaa pale alipokuwa amekaa Thomasi.

Kwaya ilipoanza, alingoja besi ikate kwenye ubeti wa pili, kwa mazoea. Haikukata. Aliisikiliza mpaka mwisho wa wimbo, mikono magotini, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.