Kisima cha Mama Loth

Ukitaka kumjua Avelina, Mama Loth, anza na kisima chake. Alikichimba marehemu mumewe, Valerian, mwaka waliohamia huku nje ya mji, upande wa Mollo. Bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji likijisikia tu, kwa hiyo kila asubuhi akina mama walimiminika pale uani na ndoo zao. Kuchota dakika mbili, maneno saa nzima. Nani kauziwa mbolea feki, nani kagombana na mkwewe, padri kasema nini. Avelina anapepeta ulezi wake, anachekea wote.

Halafu likajengwa bwawa la majitaka kule bondeni, magari ya kunyonya vyoo vya mjini yakaanza kupita. Haikuchukua muda watu wakaanza: maji ya Mama Loth yana ladha. Mtoto wa fulani kaharisha. Mmoja akaacha kuja, mwingine akaacha, mwisho hata Bertilla, jirani wa uzio mmoja, akawa anapita na ndoo kichwani, anasalimia huku anatembea. Uani wakabaki kuku. Avelina akawa anaongea nao, anawauliza, anajijibu mwenyewe.

Kwa hiyo siku walipokuja wapimaji wa mamlaka ya maji, aliwapokea kama wakwe. Mkubwa wao alikuwa kijana mmoja anaitwa Edwin, buti zimejaa tope mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kulifunga hilo bwawa?"

"Nimekuja kupima udongo na maji ya chini, mama. Kama majitaka yanapenya, tujue yanaelekea wapi."

"Yanaelekea kisimani kwangu. Andika, uende zako."

Edwin akacheka, lakini hakuandika. Yeye na wenzake wakachimba shimo shambani kwa Avelina, kati ya kisima na bwawa. Udongo wakaupanga pembeni mafungu mafungu, kama nyanya za sokoni: mweusi wa juu, mwekundu wa katikati, mweupe wa chini. Giza likawakuta hawajamaliza, wakaondoka.

Alfajiri Avelina akatoka na jembe, akayaona yale mafungu, akawahurumia. Akajua vijana wa watu wamejaribu kumtengenezea ntumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa, shukrani ya kuwakaribisha vizuri. Ila wamekosea. Ntumba lazima uzike nyasi ndani zioze, ndo mbolea yenyewe, na haya hayakuwa na hata unyasi mmoja. Basi akaanza upya. Akachanganya udongo wote, akashindilia nyasi, akayaviringa vizuri, akapanda maharage. Na shimo akalifukia, mbuzi wa Bertilla wasije wakavunjika miguu.

Edwin alipofika alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, udongo wangu uko wapi?"

"Huo hapo. Mlikuwa mmesahau nyasi."

"Mama jamani! Ule ulikuwa umepangwa kwa kina chake!"

"Na sasa umepangwa kwa maharage. Karibu uji."

Akakaa, akanywa uji wa ulezi, akaongezewa, hasira zikaisha. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Upande wa bwawani Avelina alikuwa ameshalima kote, ardhi ambayo haijaguswa ilibaki juu tu, kati ya nyumba na kisima. Wakatoboa pale kwa chuma cha kuzungusha kwa mikono, wakatumbukiza bomba la plastiki, wakashusha futi kupima maji yako umbali gani. Udongo uliotoka Edwin akaunusa. Akatazama nyumba. Akatazama choo cha nyuma ya nyumba. Akajaza maji kwenye chupa zake, akaaga bila utani.

Alirudi majibu yalipotoka maabara.

"Mama, bwawa linaonekana liko juu kwa sababu kuta zake zimeinuliwa. Ila maji ya chini ya ardhi yanateremka kutoka hapa nyumbani, yanapita kisimani, ndo yanaenda kule. Ya bwawani hayawezi kukupandia."

"Kwa hiyo kisima changu kisafi!"

"Hapana, mama. Kina vijidudu vya kinyesi."

"Vya nani sasa?"

Edwin akatazama buti zake. "Choo chenu kiko upande wa juu wa kisima. Na udongo wa hapo katikati ni mchanga, unapitisha kila kitu."

Avelina akageuka, akakitazama choo. Marehemu alikuwa anajisifia kile choo mpaka kilabuni, kwamba kimemaliza miaka yote hiyo hakijajaa. Kumbe ndo maana.

Angeweza kukaa kimya. Bwawa lilishabeba lawama, lingeendelea tu kuzibeba, na yeye angeendelea kuonewa huruma. Lakini kuonewa huruma na watu wanaopita barabarani, alishachoka nako.

Jumamosi, jumuiya ikisali kwa Bertilla, ulipofika wakati wa matangazo akasimama.

"Ndugu zangu, bwawa mnalisingizia. Ni choo changu. Kimekuwa kinaingia kisimani."

Bertilla akajishika kifua.

"Toba! Yaani tumekimbia ya mjini, kumbe tulikuwa tunakunywa ya Valerian?"

Sebule nzima ikapasuka. Avelina mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Wapimaji wamesema choo kifukiwe, kichimbwe kingine chini kule, mbali na kisima," akamalizia. "Kisima kitiwe dawa, kipimwe tena. Mimi peke yangu siwezi."

Jumatatu wakaja na majembe na sururu, wanaume kwa wanawake. Kisima kilikuwa kimefungwa kamba, hakuna aliyechota hata kikombe. Maji ya kunywa walibeba kutoka bombani. Lakini uani palikuwa hapapitiki. Huyu anataka togwa, yule anataka tupa ya kunolea jembe, watoto wanafukuza kuku, na Avelina katikati anasimulia visa vya mtaani huku anamimina.

"Mama Loth!" Bertilla akaita kutoka ndani ya shimo, kinaonekana kitambaa chake cha kichwani tu. "Nileteeni ngazi! Na hiyo habari ya pikipiki ya Polikarp usiimalize mpaka nitoke humu!"