Fundi Aliyebeba Kosa Langu

Fundi aliyekuwa akishona majoho ya kwaya yetu hapa Kitale amefariki. Presha ilimpanda akiwa kazini, na Jumamosi tulimzika kwao Bumula, kule Bungoma. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu wa gazeti la shule mnanijua: darasani sauti yangu haifiki dawati la pili. Basi niacheni niandike.

Mama yangu ni mzee wa kanisa, na ndiye anayesimamia kwaya. Kwake gitaa ni chombo cha baa, kwisha maneno. Likizo ya Aprili alinipeleka kwa fundi nijifunze kushona, maana kushona ni kazi ya heshima. Kumbe fundi alipiga gitaa kwenye bendi ujanani, na gitaa lenyewe lilining'inia ukutani juu ya meza ya kukatia vitambaa. Siku ya tatu nikaliomba, mimi ambaye hata chumvi siwezi kuomba kwa jirani. Alidhani nina ruhusa ya nyumbani, nami sikumsahihisha. Tangu hapo asubuhi nilipiga pasi, mchana nikapiga gitaa, na nitasema bila haya: nilikuwa naweza. Vidole vilijua pa kwenda kabla sijaviambia.

Cherehani ndiyo iliyonishinda. Fundi alinipa majoho manne nikunje pindo za mikono. Akili yangu ikiwa kwenye nyuzi za gitaa, nikashona upande wa juu na wa chini pamoja. Jumapili kwaya ilivaa mbiombio na kuingia ikiimba, na akina mama wanne wakatembea mpaka mbele wakitafuta pa kutolea mikono. Watoto walicheka hadi wakatolewa nje.

Jumatatu Mama alinivuta mpaka kwa fundi. "Ndugu fundi, si unajiita fundi? Ati umewafunga waimbaji wangu mikono!" Fundi akanitazama. Akangoja. Mimi nikatazama vifungo vilivyoanguka sakafuni. "Kosa ni langu, Mama," akasema mwishowe. "Joho likitoka hapa ni kazi yangu." Mama akabeba vitambaa vyote vya kwaya, akavipeleka kwa fundi mwingine.

Mama alipotangulia kutoka, fundi akaniuliza kama nyumbani wanajua habari za gitaa. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Leo nimekubebea, bana. Sitakubeba tena. Hili gitaa hutashika mpaka umwambie mama yako." Nikasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa tatu, halafu akafa.

Siku ya habari hizo akina mama wa kwaya walikuwa sebuleni kwetu wakipanga safari ya Bungoma. Mmoja akasema, "Alikuwa mtu mzuri, si ni kazi tu ilimshinda siku za mwisho." Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Haikumshinda. Yale majoho niliyaharibu mimi. Alikuwa ananifunza gitaa na nikawa nafikiria gitaa."

Nilijua Mama angeanzia kwenye gitaa. Badala yake aliuliza polepole, "Na ukaniacha nimnyang'anye kazi?" Kisha akasema, "Gitaa tutaliongea. Hili la kazi yake utalisema wewe, kwao, mbele ya watu wake."

Nikalisema. Mazishini nilisimama, nikawaambia watu wa Bumula kwamba fundi wao hakuharibu joho hata moja, na kwamba alinifundisha gitaa. Mjane wake akanipa gitaa, akaniomba wimbo mmoja. Nikamtazama Mama. Hakuitikia wala hakukataa. Nikapiga, na sikukosea popote.

Nyumbani bado hatujakubaliana. Mama anasema labda nyimbo za kanisani, labda. Mimi nasema muziki ndiyo kazi ninayoitaka. Tunabishana mezani, kila mtu na hoja zake, na siogopi tena. Wenzangu mnaoficha mnachokipenda, kisemeni mapema, kwa mdomo wenu. Kuna mtu anayewabebea siri hiyo, na huenda asiweze kungoja mpaka mpate ujasiri.